Damu ya Asiyeumwa

Kaka yangu mkubwa haumwi. Ukitaka kumsikia akijisifu, mguse hapo tu. Atakwambia kwamba tangu aoe hajalala kitandani kwa homa, kwamba zahanati ya kwao kule Kibaoni anaifahamu kwa sababu alibeba tofali wakati inajengwa, na kwamba malaria ni ugonjwa wa watoto na wa watu wa mjini wanaokula chipsi. Mimi ni mtu wa mjini. Nauza mchele Makanyagio, na chipsi sili, lakini kwake hilo halibadilishi kitu. Miaka mingi nilimsikiliza nikicheka. Siku hizi akianza tu naondoka, nakwenda kukaa uani na mawifi zangu, maana nikibaki nitasema maneno ya kutugombanisha upya.

Nina binti mwenye selimundu. Wenye watoto wa namna hiyo hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba damu yake inaharibika haraka kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine. Mifupa inamuuma mpaka anang'ata kanga yangu. Kuna vipindi macho yanakuwa ya njano, anahema kwa kutembea kutoka chumbani mpaka mlangoni, na hapo nafunga nguo zetu kwenye mfuko bila kusubiri kuambiwa, kwa sababu najua anakwenda kuongezewa damu. Malaria kwa mtoto kama huyu si homa ya kumeza vidonge na keshokutwa kurudi shule. Inafagia hata kile kidogo kilichobaki. Daktari alinieleza hivyo nilipokuwa bado namnyonyesha, na nilimwelewa. Kwangu tunaweza kulala njaa, lakini hakuna anayelala nje ya chandarua. Madirisha yana wavu. Giza likikaribia mlango unafungwa, na mgeni anayesimama kizingitini akiongea, mguu mmoja ndani na mwingine nje, namwambia achague. Majirani wananiita askari wa mbu. Waniite tu.

Sasa ije habari ya damu. Hospitalini damu haiuzwi, ila benki ya damu haijazi yenyewe. Ukihitaji, ndugu zako waje watoe, ili ile uliyopewa irudi kwa namna fulani. Binti yangu ni kundi O, na wa O anapokea O tu. Upande wa mume wangu wenye O ni wa kutafuta. Aliyepatikana ni mdogo wake mmoja, fundi cherehani, ambaye nitamfikia. Upande wetu, watu wa Mpimbwe, O imejaa nyumba nzima.

Kwetu mtoa damu anachaguliwa. Sijui kama wengine wanafanya hivyo, ila kwetu habari ikifika kwamba mtoto anahitaji damu, baba anatoa kiti chake nje, wanaume wa nyumba wanasimama mbele yake, na yeye anawatazama kama anatafuta maksai wa kulimia. Anaangalia shingo. Anaangalia kifua. Kisha anauliza nani ameumwa mwaka huu. Aliyeumwa anakaa pembeni. Aliyemeza dawa yoyote, hata ya kichwa, naye pembeni, maana damu yake baba anasema imechuja. Anayebaki ni yule asiyejua homa, anayelala shambani kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, bila hata shuka ya maana na asubuhi anaamka akipiga mluzi. Huyo damu yake ni nzito. Na tangu binti yangu alipoanza kuongezewa damu, anayebaki ni kaka yangu mkubwa.

Hakuna aliyepinga, kwa sababu ukilifikiria haraka haraka jambo hili lina akili. Mtoto mgonjwa unamwombea damu kwa nani, kwa mgonjwa mwenzake? Kaka alikuwa anakuja mjini amevaa shati la kanisani, anatoa damu, anapewa soda na biskuti, anaomba soda ya pili na anapewa. Akirudi Kibaoni simulizi ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Shemeji yangu fundi cherehani hakuwahi hata kufikiriwa. Ni mwembamba, ana kikohozi cha vumbi la vitambaa, na kichwa kikimgonga kidogo tu anafunga cherehani anakwenda kupima. Akikutwa na malaria anameza dozi mpaka kidonge cha mwisho, kwa saa aliyoambiwa. Analala kwenye chandarua na feni juu. Familia nzima ilimfanya kichekesho. Siku moja alijitolea mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Baba mkwe, na mimi ni O, nichukueni." Baba alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Mwanangu, hiyo yako ni damu au chai ya rangi?" Watu walicheka, shemeji naye akacheka kwa adabu.

Halafu ikaja mvua ya mwaka juzi. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, binti yangu akaishiwa damu, na benki haikuwa na O hata chupa moja. Kaka aliitwa, akaja, damu yake ikapimwa na siku hiyohiyo akawekewa binti yangu. Ile ile, haikupita kwa mtu mwingine. Kesho yake mtoto alikaa kitandani mwenyewe, akaomba ugali na samaki, mgebuka. Nilipiga simu Kibaoni nikamshukuru kaka mpaka nikalia.

Wiki ya pili tukiwa nyumbani mtoto alianza kutetemeka. Tulirudi hospitali, wakapima, malaria. Damu yote tuliyoishukuru ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yetu. Daktari wa zamu, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijakaa sawa, akaniuliza, "Mama, mnatumia chandarua?"

Nilimwambia aje kwangu aone.

"Mbu anaingia tu, mama. Usijisikie vibaya."

Nisijisikie vibaya! Nilikuwa nimekaa miaka nikifunga mlango jua likiwa bado linaonekana, nimegombana na mume, na wapangaji, na mama mkwe mwenye miaka yake ambaye hapendi kulala "kama samaki kwenye wavu", halafu mtu ananipigapiga begani. Nilitaka kumtoa stethoskopu shingoni nimfunge nayo mdomo. Nilijizuia, kwa sababu mtoto alikuwa mikononi mwake.

Muuguzi mmoja, mama wa umri wangu, alikuwa anabadilisha dripu. Daktari alipotoka akaniuliza damu ya mwisho ilitoka kwa nani, na huyo mtu anakaa wapi. Nikamweleza. Akasema, bila kunitazama, "Ile damu inapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Malaria haimo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

Nilikwenda maabara sijavaa vizuri hata viatu. Bwana niliyemkuta pale aliniacha nipige kelele mpaka nikachoka, akanivutia kiti. Akaniambia kwamba kwa mikoa yetu hii, wakati wa mvua, ukianza kumkataa kila mtu mzima mwenye vijidudu vya malaria kwenye damu, friji itabaki na mwanga wake tu. Na kuna akina mama wanaojifungua wakitokwa na damu ambao hawawezi kusubiri kiangazi. "Malaria ina dawa, mama. Kukosa damu hakuna dawa."

Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Angekuwa mwongo ningetulia. Nilimuuliza tu, kwa nini basi hamsemi? Kwa nini mama mwenye mtoto wa selimundu haambiwi kwamba damu hii haikupimwa malaria, mwangalie, ikibidi mpe dawa mapema? Kwa nini niulizwe mimi habari ya chandarua? Akakuna kichwa. Akasema hilo nina haki nalo. Haki yangu niliibeba mpaka wodini, nikakaa nayo.

Binti alipata nafuu safari ile, na mimi nikaanza kuhoji watu. Kaka alipokuja kumjulia hali, pamoja na mdogo wetu wa kiume, sikumpa hata muda wa kuvua kofia.

"Kaka, chandarua unacho?"

"Ninacho. Si walitugawia."

"Kiko wapi?"

"Kitandani."

"Na wewe toka Januari unalala wapi?"

"Shambani, dada. Nguruwe pori wanamaliza mpunga, nitalala wapi?"

"Sasa chandarua kinamkinga nani? Mto?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Chandarua ni cha kitanda," akasema. "Kule hakuna kitanda."

Hapo ndipo nilipoelewa, maana nami nimekulia kulekule. Mpunga ukishika, watu wetu wanahama. Wanabeba sufuria, mikeka, kuku, redio, wanakwenda kukaa shambani miezi mpaka mavuno, kwenye vibanda vya miti na nyasi pembeni ya maji. Mchana wanafukuza ndege, jioni wanakaa kwenye dungu kusubiri nguruwe na viboko. Wanabeba kila kitu isipokuwa chandarua. Chandarua kinabaki nyumbani, kimefungwa fundo zuri juu ya kitanda kilichotandikwa, kinasubiri mgeni. Kukipeleka shambani, kwenye moshi na tope, ni kama kuvaa viatu vya harusi kwenda kupanda mpunga. Akija mtu wa afya akiuliza nani ana chandarua, mikono yote inakwenda juu, na hawasemi uongo.

Yule bwana wa maabara, nadhani kwa kunihofia, alikubali kuwatoboa vidole. Nilimwita na shemeji fundi cherehani, aliyekuwa ameleta uji. Walikaa kwenye benchi, ndugu zangu wawili vifua mbele, shemeji akikohoa. Majibu yalipotoka, ndugu zangu wote wawili walikuwa na vijidudu. Shemeji hakuwa na hata kimoja.

Kaka alicheka kwanza. Kisha akakitazama kile kidole kilichotobolewa. "Mimi? Naumwa?"

Bwana wa maabara akamweleza vizuri tu, kwa heshima. Kwamba aliyeng'atwa miaka mingi mwili wake unazoea. Vijidudu vinabaki, vichache, havimpi homa, anafanya kazi zake. Lakini vipo, na vikiingia kwa mtoto asiye na kinga, tena mwenye selimundu, vinakuwa vingine. Akampa dawa mseto, akamwonyesha namna ya kumeza. Kaka akaishika ile pakiti kwa ncha za vidole, akaiweka mfukoni kama kitu alichookota cha mtu mwingine.

Kabla hajafika Kibaoni simu ya baba ilikuwa imeita. "Umemwambia kaka yako ana damu chafu?"

Nikasema sikusema chafu.

"Mbele ya shemeji yako? Yule wa chai ya rangi?"

Hilo ndilo lililowauma. Si mtoto aliyetetemeka mpaka kitanda kikalia, ni kwamba kaka alipimwa benchi moja na fundi cherehani akashindwa. Nilipanda basi nikaenda. Baba alikuwa ametoa kiti chake, nikajua kimetolewa kwa ajili yangu. Nilisimama pale wanapochaguliwa wanaume, nikamwambia baba yangu mzazi kwamba anachagua kinyume. Kwamba yule anayeumwa, akapima, akatibiwa, ndiye wa kumtoa damu, na huyu anayepiga mluzi asubuhi ndiye amebeba. Sauti ilinitoka kubwa kuliko inavyomfaa binti mbele ya baba yake. Baba akasema mjini kumeniharibu. Kaka alikuwa amekaa kwenye kinu, anachonga mpini. Mama akanivuta kanga nikae.

Niliacha pale chandarua kipya nilichonunua kwa mchele wangu mwenyewe, nikamkabidhi wifi yangu mkononi. Nilimwambia hiki si cha kitanda, hiki ni cha dungu. Alikubali, akakibusu. Miezi kadhaa baadaye nilipita kwao wakati watu wako shambani, nikafungua chumba kuweka mzigo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Juu yake vilining'inia vyandarua viwili, kimoja ndani ya kingine.

Nilikaa juu ya kile kitanda kilichokingwa kuliko vitanda vyote vya Katavi, nikatukana peke yangu mpaka nikaishiwa.

Mwaka huu, mpunga ukiwa umesimama tena, binti yangu alidondoka uani akichota maji. Tulipofika hospitali midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. O hakuna. Shemeji alikuja mbio, lakini alikuwa ametoa damu si zamani na muda wake wa kutoa tena haukuwa umefika. Alinyoosha mkono hivyo hivyo, akaomba, wakamkatalia. Walisema nyingine inaweza kuletwa kutoka mbali, hawakujua lini. Nilipiga simu kwa kaka.

Hili lazima niliseme, ingawa linanikera kulisema. Kaka hakuuliza swali. Aliacha mpunga kwa ndege, akadandia lori lililopita hifadhini, akafika ana tope magotini na usoni, na shingo imevimba kwa mbung'o. Laiti angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Bwana wa maabara alinikumbuka, hakusubiri niseme. Akamtoboa kidole kwanza. Vijidudu vilikuwepo.

Daktari, safari hii mwanamke, alinipeleka koridoni akaniambia ukweli wote, na nitamheshimu kwa hilo mpaka naingia kaburini. Kwa kawaida mtu wa majibu haya tungemwambia ameze dawa, arudi baadaye. Lakini mtoto hana baadaye ndefu. Damu hii tukiiweka, tunajua ina nini, tutaanza dawa ya malaria papo hapo. Tukisubiri, hatujui. Wewe ni mama yake, sema.

Kaka alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, kofia mkononi. Nilimfuata.

"Vile vidonge viko wapi?"

"Nyumbani."

"Vya mwaka juzi? Hukumeza hata kimoja?"

"Dada," akasema, "nilikuwa siumwi."

Nilimpiga. Kaka yangu mkubwa, mbele ya wagonjwa na ndugu zao waliokaa chini na vyakula vyao, nilimpiga kifuani kwa viganja viwili, tena, na tena, nikisema siumwi, siumwi, siumwi, mpaka mlinzi akasogea. Yeye hakurudi nyuma wala hakunishika mikono. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye lile tope la usoni.

"Nipige," akasema. "Lakini waambie wachukue kwanza."

Wakachukua. Nilisimama nikiangalia mfuko ukijaa, mwekundu, mzito kweli kama baba anavyosema, mzuri wa kutazama. Safari hii hakuomba hata soda moja.

Walipouleta wodini na kuutundika, binti yangu alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Muuguzi alikuwa ameshaunganisha mpira, bado tu kuufungua.

"Ni ya mjomba?" akauliza.

"Ndiyo, mwanangu."

"Yenye wadudu?"

Nikajua kwamba kelele zangu za koridoni alizisikia zote, na pengine na zile za simu za miaka miwili, na za kule Kibaoni alisimuliwa. Nilikuwa nimemkinga na kila mbu wa Makanyagio, na sikuwa nimemkinga na hilo. Nilitafuta la kumdanganya, nikakosa.

"Ndiyo. Lakini watakupa na dawa."

Hakufumbua macho. Ana miaka kumi na moja.

"Mama, waache waweke tu," akasema. "Nimechoka."

Muuguzi alinigeukia, mkono wake uko kwenye mpira, akisubiri. Nikamwambia afungue.